Benchi la Daktari Lisilopakwa Rangi

Mwaka umetimia, Baba yetu mpendwa, Don Evaristo Munguía Olvera, tangu ulipotuacha. Kofia yako bado iko msumarini, na Mama hataki mtu aiguse.

Ulikuwa daktari wa mifugo kabla ya kuwa gavana wetu, na kusema kweli kazi ile hukuiacha. Nani mwingine angesimamisha msafara wa magari tisa kwa sababu kaona ng'ombe wa watu anachechemea? Walinzi walishika pembe, wewe ukashika kwato, wageni kutoka mji mkuu wakangoja juani. Asubuhi ulipanga foleni sokoni kwa Doña Petronila kama kila mtu, na tamali zake za unga wa mahindi na pilipili zikikwisha kabla hujafika, ulinuna mpaka saa sita.

Ila suala la rangi lilimnyima Mama raha. Kila gavana akiingia, hupaka jimbo zima rangi ya chama chake: mabenchi, nguzo za taa, hata mashina ya miti. Wewe ulikataa. Fedha za rangi zikaezeka shule kumi na moja, na hukuruhusu jina lako liandikwe hata kwenye mlango wa choo. Chama kilikununia miaka yote sita.

Mama alikwambia, "Evaristo, watakusahau hata kabla hujavua viatu."

Ukamjibu, "Leocadia, benchi ni la kukalia, si la kusomea jina la mtu."

Aliyekufuata alipaka kila kitu zambarau. Ulipofariki, Mama aliogopa sana kwamba hukuacha alama popote. Hakusema, lakini tulimjua.

Wiki iliyopita alipita uwanjani, mbele ya ikulu ya jimbo. Benchi lako, pale ulipozoea kupigiwa viatu kiwi, lilikuwa mbao tupu katikati ya zambarau yote ile. Akamuuliza Don Filiberto, mpiga kiwi wako, kulikoni.

"Wamekuja na ndoo zao mara tatu, mama," akasema. "Wakija tu, tunalikalia. Wachuuzi, sisi wa kiwi, hata padri. Wanangoja, wanachoka, wanaondoka. Hili la Daktari."

Mama alicheka, akalia, kisha akaketi.

Unakumbukwa na mkeo Leocadia, wanao Hortensia na Anselmo, wajukuu wako wanne, na dada yako Eduviges, ambaye mpaka leo anasema ungefaa zaidi kuwa padri.

Tutakukumbuka siku zote, Baba. Wapaka rangi wanarudi Jumatatu, na zamu ya kwanza ya kukaa ni yetu.