Nafasi ya Waitikiaji

Mlaleo, Kisauni,
Mombasa.
11 Machi 2023

Mpendwa mjukuu wangu Lubna,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua tangu baridi ianze kimetulia. Usitoke nje na kichwa kibichi. Mimi naamka, naswali, nakula kidogo. Jicho la kulia nimefanyiwa upasuaji, la kushoto bado lina ukungu, ndiyo maana unaona mistari yangu inapanda kama ngazi. Binti yangu Safiyya anakusalimu sana. Ndiye aliyenishikia simu nikatazama video yako.

Umeniuliza kama uende katika hicho chuo cha sanaa za maonyesho kilichokupa nafasi. Wao wanataka jibu kabla mwezi haujaisha, babako hataki hata kusikia, na wewe umesema neno langu utalishika. Ni mzigo mzito kumtwika mzee, mwanangu. Nimekaa nao wiki nzima.

Babako alinipigia kabla yako. Hata salamu hakumaliza. “Mama mdogo, mtoto anataka kusomea ngoma! Akimaliza atakuwa nani?”

“Atakuwa mchu aliyesoma, Fuadi, mtu mbele ya watu.”

“Mchu aliyesoma ngoma!”

Nikamwambia mamake alipigiwa pembe usiku kucha alipoolewa, na yeye Fuadi hakupatikana vibaya. Alicheka kidogo, kisha akakata simu. Usimchukie. Ameendesha mabasi ya watu miaka yote hiyo ili wewe usiendeshe.

Sasa nije kwenye ule wimbo uliowaimbia siku ya majaribio. Ni wimbo wa vugo, na najua ulikoutoa: kwa bibi yako Mwanalima, dada yangu, Mungu amrehemu. Lakini wewe hukuwahi kuona vugo, kwa hiyo nikueleze.

Kwetu kisiwani Chovae vugo lilikuwa ngoma ya wanawake, uani, siku ya kumtoa mwari, bibi arusi. Kila mmoja ana pembe ya nyati mkono mmoja na kijiti mkono wa pili. Mmoja anaimbisha, waliobaki wanaitikia. Hakuna aliyekuja kutazama. Aliyeingia mikono mitupu alipewa pembe, hata kama sauti yake ni ya kufukuzia kunguru. Mwanalima ndiye aliyeimbisha, na mimi nilisimama begani kwake kuongoza waitikiaji. Nikichelewa kidogo aligeuka na kunikaripia mbele ya watu: “Weye Zuleikha, umelala? Itikia!”

Katika video yako umesimama peke yako katika ukumbi mtupu. Unaimba, “Mwari wetu yu wapi, mlango mbona kimya?” Kisha unanyamaza. Unatazama sakafu kiasi cha pumzi moja ndefu, halafu unaendelea na ubeti wa pili, na tena unanyamaza. Umeniandikia kwamba walimu walisifu ukimya huo kuliko sauti yako, na kwamba mmoja wao alifuta machozi, akasema hajawahi kusikia msiba ukielezwa hivyo.

Lubna, hapo hapana msiba. Huo ni wimbo wa arusi. Na ule ukimya si sehemu ya wimbo. Hapo ni mahali petu. Hapo ndipo nilipokuwa naitikia mimi.

Nikwambie ukimya huo ulivyoingia. Tulipokimbia vita vya Somalia, tuliishi kambini pamoja, mimi na bibi yako. Kisha yeye na wanawe wakachukuliwa Ulaya, mimi sikuchukuliwa. Siku za Idi alinipigia simu, na tukishamaliza kulia alianzisha wimbo ili niitikie. Lakini sauti ilifika imechelewa. Jibu langu lilimwangukia katikati ya ubeti uliofuata, naye akivunja ubeti, nami nikivunja jibu. Mwanzoni tulicheka sana. Idi moja hakucheka. Akasema, “Basi, Zuleikha, tuwache.” Hatukuimba tena pamoja mpaka alipokufa.

Babako ndiye aliyenieleza kwamba bibi yako aliendelea kuimba jikoni, akikanda unga, na kila mwisho wa ubeti alinyamaza kwa kadiri ya jibu letu, kisha akaendelea. Wewe ulikuwa mdogo, umekaa hapo karibu na sinia. Umeupokea wimbo kama ulivyopewa, pamoja na pengo lake, ukaamini pengo ni mtindo. Nani angekusahihisha? Babako ni mwanamume, hakuwahi kuingia uani.

Kwa hiyo unauliza mwari yu wapi, na hakuna anayekujibu. Ndiyo maana wale wakadhani amekufa.

Kuhusu chuo chenyewe, sitakudanganya. Nilifundisha shule Kisimayu kabla ya vita na nimeona watoto wenye vipaji wakichoka mapema kuliko wasio navyo. Jiulize kama unapenda kurudia jambo moja siku ambayo hakuna anayekupigia makofi. Jiulize kama unaweza kukataliwa asubuhi na bado ukala chakula chako cha mchana. Babako hasemi uongo: wengi wanaomaliza huko huishia kuosha vyombo vya watu. Lakini hapa Mombasa nawajua wahandisi wanaouza maji, kwa hiyo hilo pekee halinitishi.

Linalonitisha ni kupendwa kwa ajili ya kidonda. Wamekupa nafasi kwa sababu ya ukimya huo, na wataudai tena mwakani na mwaka wa tatu, kila mara kwa nguo nyingine. Nimewaona watu wetu walioeleza habari za visiwa vyetu kwa wageni mpaka wakasahau kila kitu isipokuwa kile kinachowaliza wageni. Sitaki uwe hivyo ukiwa na miaka kumi na tisa.

Umesema kuna siku ya kutembelea chuo kabla ya kutoa jibu. Nenda, na jibu la wimbo uende nalo, nimeliandika chini. Waombe wasichana watatu wanne wakuitikie, wa kabila lolote. Pembe hakuna, basi wagonge meza kwa vijiko. Uimbe mbele ya walimu walewale. Hautakuwa mzuri kama ulivyokuwa. Utakuwa na kelele, mmoja atatoka nje ya sauti, mwingine atacheka, kama arusi. Wewe uwatazame nyuso. Wakitaka kujua kuna nini kingine, jiunge nao, na babako niachie mimi. Wakikuomba uurudishe ukimya, washukuru kwa adabu urudi nyumbani, wala usilie hapo, watapenda na kilio hicho.

Nilitaka usikie jibu kwa sauti yangu. Juzi Safiyya aliiwasha simu anirekodi, nikafungua mdomo, halikutoka. Tukajaribu tena. Halikutoka. Sikuwahi kuanza mimi, Lubna. Maisha yangu yote nimesubiri mtu aulize kwanza. Nikamwambia Safiyya aizime, nikaenda kutandika kitanda kilichokwisha kutandikwa.

Msalimu babako Fuadi, mwambie sijakasirika. Msalimu mamako Nadia na kakako Adnani, aache kukesha na ile michezo ya simu. Ukipita kaburini kwa bibi yako msomee Fatiha, moja yako na moja yangu. Ramadhani imekaribia, Mungu atufikishe salama, akulinde na jicho la watu, na akupe njia ambayo hutaijutia.

Ni mimi bibi yako akupendaye na kukuombea,

Zuleikha

Nusura nisahau. Wewe ukiuliza mwari yu wapi, wao waseme hivi, wote kwa pamoja, haraka, bila huzuni:

Yumo ndani, ana hina mikononi, ngojani.