Miloud wa Soksi, Aliyekataa Kukimbia

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukuchukue hospitali tukurudishe nyumbani umefunikwa shuka. Tunasema na wewe, lakini watu wa mtaa wetu wa Derb Zitoun nao wana masikio.

Tunaikosa sauti yako. "Soksi! Jozi mbili kwa bei ya chai, na mwenye mguu wa tatu namwongezea!" Wanawake walicheka, wakanunua hata wasiokuwa na haja. Nyumbani hukuwa msemaji. Ulikuwa unavua viatu, unauliza kama kuna supu ya harira, na kabla Mama hajakupakulia bakuli umeshajilaza. Akikusema unajibu umefumba macho, "Nakusikia, Hadda, endelea tu." Wala hukuwa unasikia chochote.

Miaka yote ulikimbia kama wachuuzi wengine wa barabarani. Gari la manispaa likitokea, mnavuta kamba za pembe nne za turubai, soksi zinageuka furushi, mnachanja mbuga. Kisha askari wa manispaa wakamvunja mkono Rkia wa mikate, aliyeshindwa kukimbia kwa sababu ya mimba. Siku hiyo ulirudi ukaomba mkasi, ukakata kamba zako zote.

"Umepata wazimu?" Mama aliuliza.

"Nimechoka kukimbia kama mwizi na soksi ni zangu. Kamba zikiwepo nitakimbia tu, najijua."

Ukapita turubai kwa turubai kuwashawishi wenzako. Bouazza wa mikanda, rafiki yako tangu utoto, alikucheka. "Miloud, ukipigwa nitakuletea machungwa hospitali."

"Lete, ila kaa karibu yangu, tugawane kitanda."

Akakata kamba zake. Wakakata wengi. Chama kikazaliwa hivyo, hakina ofisi wala bendera. Mliahidiana kwamba hakimbii mtu, na asiyeweza kufika, awe mgonjwa au mzazi, wenzake watamlindia nafasi yake. Hilo la pili ulilisisitiza wewe mwenyewe.

Gari lilikuja Ijumaa baada ya sala. Hakukimbia mtu. Walishika turubai lako kwanza, ukakaa juu yake. Wakakusukuma, ukaangukia kisogo kwenye ukingo wa barabara. Hukuamka tena. Bouazza alilia mazishini mpaka sisi wafiwa tukawa ndio wa kumbembeleza.

Wenzako walikataa kuondoka mahali ulipoangukia. Mji mzima ukaongea, wakubwa wakaona haya, wakachora nafasi kwa rangi nyeupe, kila mchuuzi na yake, kwa kibali. Ulichokipigania kikapatikana, Baba. Lakini walitaka kila mtu afike mwenyewe siku ya kugawa, na Mama alikuwa ndani, kwenye nguo zake nyeupe za eda. Bouazza alikuja mlangoni.

"Mama Ghizlane, kaa eda yako kwa amani. Nafasi ya Miloud ataigusa nani na mimi nipo?"

Tukamwamini. Nani asingemwamini?

Lilipotajwa jina lako, karani aliuliza nani anakusemea. Tumesimuliwa kwamba wenzako walikuwepo wote, na wote waliangalia chini. Kila mmoja alihofia kibali chake. Nafasi yako akapewa muuza vifuniko vya simu, kijana ambaye hakuwahi hata kukuona. Hatuna ugomvi naye. Bouazza tulipomuuliza alisema, "Ningesema nini? Wangenifuta na mimi." Ee Baba, maneno hayo yanatuchoma mpaka leo.

Eda iliisha. Sasa Mama anauza soksi nyuma ya kituo cha mabasi, bila kibali. Gari likija anakimbia peke yake, na goti lake lile bovu. Juzi alianguka, wakachukua mzigo wote. Alirudi nyumbani hana hata kiatu kimoja, akaanza kupika kana kwamba hakikutokea kitu.

Ijumaa hii baada ya Alasiri tutakusomea Qur'ani kaburini kwako na kugawa mkate na tini. Wenzako wote wa chama tumewaalika, Bouazza wa kwanza. Mama amesema hatawauliza kitu. Atakaa tu hapo penye njia ya kuingilia, na kila mmoja atapita mbele yake.

Wanaokukumbuka ni mkeo Hadda, wanao Ghizlane, Soufiane na Btissam, na dada yako Mahjouba.

Mungu akurehemu. Mioyoni mwetu hutoki, Baba.