Mkwe Aliyebanikwa Kitandani

Xiuqin, acha bata wako, soma! Nimecheka mpaka meno ya bandia yamedondoka.

Mchumba wa Yulan, binti wa Guizhi, kaja kujitambulisha. Kijana wa Guangzhou, kwao baridi hawaijui. Guizhi kamkalisha kwa heshima zote kwenye kitanda cha udongo, upande wa jikoni kabisa. Na moto wa jiko lile unavyopita chini ya kitanda unaujua!

Kila sahani ikipikwa, kitanda kinazidi kuwaka. Kijana jasho linamtiririka, anakalia tako hili, anahamia lile. Kusogea hathubutu.

"Tukukaangie na samaki, mwanangu?"

"Hapana, mama! Inatosha!"

Na hajaonja hata tonge! Guizhi akanuna: "Anadharau chakula chetu. Yulan haolewi na huyu."

Ndipo harufu ikatufikia. Yulan akapapasa mkeka: "Mama, unamchoma!"

Kijana akainuka. Suruali, Xiuqin! Nyuma ina duara la kahawia!

Guizhi akaliinamia lile duara. "Ulikuwa unaungua, umenyamaza tu?"

"Si ndipo mliponikaribisha, mama."

Guizhi kaangua kilio, Xiuqin. Harusi ipo! Mkwe yuko bakuli la tatu, anakula kasimama.

Sasa wanauliza nani alikuwa anashindilia mabua ya mahindi jikoni. Mimi nimetoka nje kidogo, nakuandikia wewe.