Kilo Tisa za Mjukuu Wako

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na uipokee mara mbili, maana ya mwezi uliopita sikukuletea. Goti lako linasemaje siku hizi? Mkweo anakusalimu sana, na sote watatu tu wazima.

Kaa vizuri nikupe habari. Mjukuu wako ametimiza kilo tisa! Jana muuguzi wa kliniki alitia nukta kwenye kadi yake, ikaangukia kwenye kijani, nami nikapiga vigelegele. Ndiyo, mimi, mwanaume mzima na ndevu zangu, katikati ya kina mama arobaini. Walicheka mpaka mbeleko zikalegea. Pale wananiita Mama Ndevu, na nimeshazoea kuitika.

Habari za kilo zake sikukuandikia mapema kwa sababu hali ilikuwa mbaya. Miezi mitano iliyopita mtoto alikuwa na kilo sita tu, nukta yake imezama kwenye nyekundu. Muuguzi alinionya kwamba asipoongezeka mwezi unaofuata atalazwa. Niliogopa, mama. Tulikuwa tunampa uji mweupe, maji mengi unga kidogo, na mwezi ukaisha yuko vilevile. Mfa maji haachi kutapatapa: nikachukua spana yangu kubwa, nikaificha ndani ya nepi yake.

Aliponing'inizwa kwenye mzani, mshale ulipanda vizuri tu. Kisha akarusha miguu, spana ikaanguka sakafuni kwa kishindo, benchi zima likageuka. Muuguzi aliiokota, akaniuliza kama hilo ndilo jino la kwanza la mtoto. Halafu akanivuta pembeni, akaniambia taratibu kwamba mzani naweza kuudanganya, lakini kifo hakidanganyiki. Nililia, sikuficha. Muuza karanga mmoja, naye amempakata mwanawe pale benchini, alinifundisha kusaga karanga na maharage kwenye uji, na kumlisha kidogo kidogo mara tano kwa siku hata akigoma. Tangu hapo ananiwekea karanga zilizovunjika, zile wateja wanazozikataa.

Basi ninasaga, ninakoroga, ninaimba, ninafua nepi. Mkweo anakiri kwamba uji wangu umeushinda wake, ingawa anakiri kwa shingo upande.

Najua unajiuliza hayo yote ninayafanya saa ngapi na niko zamu kiwandani. Hapo ndipo penye shida, mama. Kiwanda kilifungwa mwaka jana, mtoto akiwa bado mchanga. Barua zile za kupandishwa cheo nilizitunga. Mkweo ndiye anayetulisha kwa kufua mashuka ya hospitali, nami siku anazopumzika nazunguka kwenye mageti ya watu na vyeti vyangu, narudi navyo. Uliuza cherehani yako ili nisomee mitambo, nikashindwa kukwambia kwamba mitambo yenyewe imesimama. Nisamehe.

Lakini usinililie. Jana hiyohiyo muuguzi alimsimamisha mtoto chini, akapiga hatua zake tatu za kwanza. Kina mama wote walimnyooshea mikono, akawapita, akaja kwangu. Wakikuuliza mwanao anafanya kazi gani, usiwaambie tena kwamba ni msimamizi. Waambie analea mtoto, na kwamba anaiweza.

Wasalimie dada na majirani wote, hata yule asiyerudisha vyombo vya watu.

Ni mimi, kitinda mimba wako.