Darasa la Chumba cha Pili

Mjukuu wangu Salma,

Asalamu alaykum. Sie wa Darsait, hapa Maskati, wazima, na mamako keshahamia mtaa wa Azaiba. Tangu uniulize uchague masomo gani huko ugenini, nami situlii.

Nilipokuja Maskati kutoka Unguja, nilijiandikisha kusoma kupiga taipu kwa kumfuata rafiki yangu Zuwena. Chumba cha pili walisoma kuchora ramani, na masikio yangu yote yalikuwa kule. Siku moja nikainuka.

"Wapi?" akauliza mwalimu.

"Chumba cha pili."

"Kiarabu chao utakifahamu?"

"Bado."

Zuwena alinuna. Kule nilikosea kila mstari. Kengele ilipolia wenzangu wakatoka, mimi nikabaki nimeinamia karatasi.

Nambie, wewe kengele ikilia huchelewa kutoka darasa lipi? Nnasubiri.

Bibi yako