Bisibisi Sikioni

Baba yangu, fundi wangu,

Leo nimekutaja mbele ya meneja, na sikuona haya hata kidogo. Najua ungesema, "Wewe binti, una domo!" Lakini ngoja nikusimulie.

Unaikumbuka gereji yako pale Karatu, nyuma ya soko? Landkruza za watalii zilikuja zimejaa vumbi la kreta ya mbugani. Wewe hukuanza na spana. Ulishika ile bisibisi ndefu, ncha ukaigusisha kwenye injini, mpini ukauweka sikioni, ukafumba macho. "Nyamazeni, gari linaongea." Watu walicheka. Mimi nilijua kutofautisha kwa sauti tu beringi kavu na mkanda uliolegea kabla sijajua kugawanya.

Nakumbuka pia siku ulipoomba kazi kwenye kampuni ya utalii, nikakusindikiza. Karani alipofika penye "Elimu" kwenye fomu yako, alipiga mstari mrefu, akakurudishia. Na wewe ukasema asante! Nilitaka kumrukia. Halafu nilipofika chuo, wenzangu wakaniuliza baba yako anafanya kazi gani, nikajibu, "Mkulima." Hilo linaniuma mpaka leo, baba. Nisamehe.

Sasa mimi ndiye mkuu wa gereji ya lodge moja ya watalii hapa hapa Karatu. Asubuhi tulisaili mafundi wawili kwa nafasi moja: kijana mwenye diploma, na Paulina kutoka Ganako, aliyejifunza kwa kutengeneza mashine za kusaga. Meneja alipoona Paulina hana cheti, akataka kumrudisha nyumbani. Nikasema hapana, kwanza wapeni lile gari letu ambalo injini yake ilikuwa ikilia, walichunguze. Sote pale gerejini tulishaamua ni pampu ya maji. Hata mimi, na diploma yangu ukutani, nilishaagiza pampu mpya.

Kijana akaunganisha kompyuta, haikuonyesha kosa lolote. Akasema basi itakuwa pampu. Paulina akalizunguka gari mara moja, akanigeukia.

"Dada, una bisibisi ndefu?"

Baba, nilikimbilia sanduku langu la spana! Nilimpa ya kwako, ile uliyoniachia. Mpini sikioni, macho akafumba.

"Siyo pampu. Ni beringi ya alternata."

Tukafungua. Beringi ilikuwa imekwisha kabisa. Kijana mwenyewe alipiga makofi.

Meneja akakuna kichwa. "Haya, tumchukue. Lakini penye elimu niandike nini?"

Hapo ndipo nilipokutaja. Nikamwambia aliyenifundisha kazi hii ni baba yangu, hakuwa na cheti, na kwamba niliwahi kumficha. Kisha nikachukua kalamu mwenyewe. Sikupiga mstari. Niliandika: "Anasikia gari."

Anaanza Jumatatu. Bisibisi yako nimemwachia, najua hutanuna.

Lala kwa amani, baba. Najivunia wewe, na safari hii nasema kwa sauti.

Ni mimi,
binti wa fundi.