Kipande Alichokikosa Madoka

Kanazawa, 3 Oktoba

Kaka Itsuki,
Hujambo huko Sendai? Sisi wazima, ila Madoka wangu bado amelazwa. Moyo haupigi sawasawa. Madaktari wamesoma jeni zake, wanasema hazina kasoro. Mama mkwe kanitolea maneno mbele ya wageni: "Kwetu ugonjwa huu hatuujui. Umekuja nao wewe." Nami najiuliza, nilikula nini nikiwa na mimba? Wewe si unasoma DNA kwa kompyuta? Mtazame mwanangu.
Dadako, Chinami

Sendai, 11 Oktoba

Mdogo wangu,
Pole sana. Mimi mzima, nashindia tambi za dukani. Nisikudanganye: programu yangu inasoma minyoo, haiwezi kumsoma mtoto. Lakini nisikilize. Jeni ni sehemu ndogo tu ya DNA. Iliyobaki haitengenezi protini, na wengi waliiona takataka. Mimi nalinganisha minyoo wa jamii nne, waliotengana mamilioni ya miaka. Pengi pamebadilika, ila kuna vipande nje ya jeni vilivyobaki vilevile kwa wote. Tukifuta kimoja, jeni ya jirani hulala, japo yenyewe ni nzima. Ni swichi yake. Mwombe daktari asome na nje ya jeni, alinganishe na wanyama walio karibu nasi. Akisema unamsumbua, mpe namba yangu.
Na acha kujichunguza ulichokula.
Kakako, Itsuki

Kanazawa, 20 Februari

Kaka,
Natumaini ulifika salama. Asante kwa kuja kumzika Madoka. Sikuweza hata kukuaga.
Leo daktari ametuita. Kuna kipande kimoja, nje ya jeni ya moyo. Panya anacho, ng'ombe anacho. Madoka hakuwa nacho.
Nikamuuliza, "Nimemrithisha mimi?"
"Hapana, mama. Wewe unacho, na mumeo anacho. Kilikatika tu mimba ilipokuwa inatungwa. Hakuna aliyekosea."
Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, akayasikia yote. Tulipofika nyumbani akaenda jikoni, akarudi na chai, akapiga magoti mbele yangu. "Chinami, kunywa, itapoa." Nikanywa. Ndipo tukalia pamoja, kwa mara ya kwanza tangu tumzike.
Mazikoni ulitaka kuniomba radhi kwamba minyoo wako hawakumponya. Usiombe, kaka.
Jumapili tunakwenda kaburini, mimi, mume wangu na mama yake. Njoo tuwe wanne.
Dadako, Chinami